Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mmea Wetu wa Uluguru Bado Hauna Jina

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mhazini. Ada zimelipwa vizuri, nawashukuru. Mimi nitazungumzia kazi ya msituni.

Mwaka 2025 jarida la Phytotaxa lilitangaza Tessmannia princeps, mti wa Udzungwa unaofikia mita 40. Wataalamu waliukuta mwaka 2019 katika misitu ya hifadhi ya vijiji, na Watanzania Aloyce na Ruben Mwakisoma wamo miongoni mwa waandishi. Ikiwa mti mkubwa namna ile ulingoja hadi leo, sembuse kichaka cha kimo cha goti huko juu kwenye ukungu wa Uluguru? Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa ni asilimia 16 tu ya spishi mpya za mimea ya maua zinazopewa jina ndani ya miaka 5 tangu zikusanywe mara ya kwanza. Takriban robo hukaa kabatini, zikiwa sampuli zilizokaushwa, zaidi ya miaka 50.

Sampuli duni huchangia ucheleweshaji huo, na hapo ndipo nimekuwa mkali mwaka mzima. Ukipanda kuelekea Lukwangule, uwanda wa juu wa milima ya Uluguru, magazeti ya kubania mimea hulowa hata kabla ya kuyafungua. Yasipobadilishwa kila siku, majani hugeuka meusi na kupukutika. Ua nalo hupoteza rangi likikauka, kwa hiyo rangi, harufu, kimo na mwinuko viandikwe palepale, ua likiwa bichi.

Tuna mmea mmoja wa jamii ya kahawa ambao hatujaufananisha na wowote tunaoujua. Una maua, matunda hatujayapata. Baadhi yenu mlitaka tuutangaze kuwa mpya. Nilikataa, na bado nakataa. Lazima kwanza ulinganishwe na sampuli zilizohifadhiwa katika hebaria (hazina za mimea iliyokaushwa) za Nairobi na Kew, Uingereza. Ukithibitika, maelezo yake yachapishwe (tangu 2012 Kiingereza kinakubalika badala ya Kilatini), na sampuli moja iteuliwe kuwa rejea ya jina, ikitajwa hebaria inakohifadhiwa. Napendekeza nakala za sampuli hizo zibaki nchini, Arusha na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Jambo jingine linaniuma: lebo zetu nyingi hazitaji waongozaji wa vijijini, nao ndio waliotufikisha kwenye mmea huo. Kuanzia sasa, lebo isiyo na jina la mwongozaji irudishwe.

Safari ya kutafuta matunda itasubiri kibali kipya cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Wanaotaka kwenda wajiandikishe kwa katibu.