Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu wa Kaunti ya Mombasa: Mwanangu amesema "basi"

Mheshimiwa Waziri, salamu.

Mwanangu ana miaka mitano na hajatamka neno. Mwezi uliopita, hapa kwetu Kisauni, nilikuwa namlisha mbaazi za nazi. Kijiko cha nne akausukuma mkono wangu, kisha akaweka kidole kwenye picha ya viganja viwili vilivyokunjuliwa: basi. Siku zote nikidhani ni mkaidi wa kula. Kumbe ameshiba.

Picha hiyo iko kwenye ubao wa karatasi wenye picha 20, niliochapishiwa na kutiliwa plastiki duka la fotokopi. Hautaki stima wala intaneti. Shuleni kwake kuna kishikwambi kinachotamka neno ukibonyeza picha, lakini kimefungiwa kabatini, ati kisivunjwe.

Wapo wanaosema picha zitamfanya mtoto mvivu wa kuongea. Tafiti hazikuona hivyo. Wako watoto ambao matamshi yaliongezeka. Ila ubao ukitundikwa ukutani tu haumfundishi mtu. Mwalimu auguse yeye mwenyewe anapozungumza: akisema "twende nje", kidole kiwe kwenye "twende", leo na kesho na keshokutwa, bila kumlazimisha mtoto ajibu. Hata watoto hawa wanaoongea walitusikiliza karibu mwaka mzima kabla ya kutamka chochote.

Na tafadhali, msituletee mbao zilizotafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza. Nimeona moja ambayo "basi" imechorewa gari la abiria! Nyingine imeweka "mimi" huku na "taka" kule. Sijui ni mtoto gani wa Mombasa asemaye "mimi taka". Tunataka "nataka", "sitaki", "bado", "tena", "inauma". Tunataka mahamri, feri, tuktuk, na nyanya yake.

Mheshimiwa, chekechea za umma ziko chini ya kaunti, si Nairobi. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, breli au njia nyingine inayomfaa, na kupata vifaa. Basi walimu wafunzwe, mbao zichapishwe, na kila mtoto anayeuhitaji aende nao nyumbani mkobani.

Na ubao usichukuliwe kwa adhabu. Wiki jana mwanangu alinyang'anywa wake darasani, kosa lake kugusa "sitaki" mara nyingi mno.

Ni mimi mzazi,
Kisauni