Vitabu vya historia ya pwani vibadilishwe

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa rohoni toka juzi. Nilikuwa napitia daftari la historia la binti yangu nikakuta ameandika, na mwalimu kamuwekea tiki, kwamba miji ya pwani ilijengwa na Waarabu na Waajemi waliokuja na majahazi. Ndo nilivyofundishwa na mimi miaka ile. Simlaumu mwalimu, kitabu ndo kinasema hivo, na kitabu kiliwafuata wanaakiolojia wa zamani, wale wanaochimba magofu ya miji ya kale, kina James Kirkman aliyeanza kuchimba Gedi 1948 na Neville Chittick wa Kilwa na Manda, ambao waliangalia zile kuta za mawe wakaona ni kazi ya wageni.

Lakini jamani kuna Shanga! Ni magofu ya mji wa kale, iko kisiwa cha Pate kule Lamu, na miaka ya 1980 Mark Horton na wenzake walichimba kwenye gofu la msikiti wa Ijumaa wakakuta msikiti mwingine chini yake, na chini ya huo mwingine tena, wakashuka hivo hivo mpaka kimsikiti kidogo cha miti cha karne ya 8. Utauliza wamejuaje wakati miti ilishaoza zamani. Nguzo ikiozea ardhini inaacha duara la udongo wa rangi tofauti, ukikwangua mchanga polepole unaliona, ukifuata hayo maduara moja baada ya jingine unapata ukuta, unapata mlango, nyumba nzima. Na vyungu vyao vingi ni vya kienyeji, vimechorwa pembetatu shingoni udongo ukiwa bado mbichi, na vigae vya namna hiyo vimeokotwa hadi bara, mbali na bahari. Yaani watu walikuwepo pale wanapika na kusali na kuvua kabla ya nyumba za mawe, na mawe yalipoanza kutumika mji ulikuwa ni uleule.

Wazee wetu wanaojiita Washirazi, yaani wanaosema asili yao ni Shirazi huko Uajemi, wasikasirike, mimi mwenyewe kwa mama ni huko huko. Mwaka 2023 ulitoka utafiti wa vinasaba, Profesa Chapurukha Kusimba wa hapa Kenya akiwa mmoja wa walioongoza, wakapima mifupa ya watu 80 wa zamani kutoka sehemu kama Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Wengi wao upande wa mama ni Waafrika na upande wa baba kuna damu nyingi ya Uajemi iliyoanza kuchanganyika kama mwaka 1000 hivi, kwa hiyo hadithi za wazee zilikuwa na ukweli wake. Ila Mwajemi alikuta mji, akaoa, na watoto wakaongea lugha ya mama zao, ndo hii tunayoandikia barua.

Naomba wanaotunga vitabu vya shule waweke hata kurasa mbili za Shanga na picha ya yale maduara, watoto wataelewa vizuri tu. Binti yangu ana mtihani wiki ijayo, ameniuliza aandike lipi, nikamwambia aandike alivyofundishwa asije akakosa maksi, na mpaka sasa inaniuma.

Msomaji wako, Mombasa