Mzazi, dawa ya mtoto isije ndani ya begi

Baridi ya Mbeya ikikaza, Juni na Julai, mabegi ya watoto wetu yanajaa vitu vitatu: sweta la ziada, chupa ya uji na dawa ya kikohozi. Hicho cha tatu ndicho sisi walezi wa kituo cha watoto tunachoomba kisiwemo.

Mtoto wa miaka mitatu anajua kufungua zipu, ya kwake na ya mwenzake. Dawa nyingi za maji za watoto zimetiwa utamu na harufu ya matunda ili zimezeke, na mtoto hawezi kuitofautisha na juisi, hasa kama nyumbani ameambiwa "kunywa mwanangu, ni pipi hii". (Hilo la pipi tuliache, jamani.) Vile vifuniko vya kubonyeza na kuzungusha navyo vinamchelewesha tu.

Kwa hiyo dawa inakabidhiwa mkononi kwa mwalimu wa zamu, pale getini. Mtoto akiletwa na dada, mzazi atupigie kwanza. Dawa iliyotumwa kwa bodaboda hatuipokei.

Tunapokea chupa au pakiti yake yenyewe, yenye jina la mtoto, jina la dawa na kipimo. Bahasha iliyoandikwa "1x3" peke yake haitoshi. Moja nini, na kijiko kipi? Chukua parasetamoli, ile ambayo wengi tunaiita panadol. Ya maji ipo yenye miligramu 120 katika mililita 5, na ipo yenye miligramu 250 katika mililita hizohizo 5. Kijiko ni kilekile, ila mtoto amekunywa zaidi ya maradufu. Ndiyo maana dawa iliyomiminwa kwenye chupa nyingine tunairudisha, hata kama chupa inang'aa. Na vijiko vya nyumbani havilingani. Sisi tunapima kwa bomba lisilo na sindano, lenye mistari ya mililita.

Kisha mzazi anaandika kwenye daftari: dawa gani, kiasi gani, saa ngapi, na dozi ya mwisho nyumbani ilitolewa saa ngapi. Hapo pa mwisho ndipo panapotusumbua kuliko pote. Tunaelewa, mama mwenye meza sokoni Mwanjelwa hawezi kuifunga kila mtoto akichemka. Basi saa 12 asubuhi anampa panadol, mtoto anapita getini amepoa, anacheza. Saa 5 joto limerudi na sisi hatujui chochote. Tukimpigia mzazi akasema "mpeni tu panadol", nani anakumbuka ile ya alfajiri? Dozi mbili zinatakiwa kupishana angalau saa 4, na zisizidi nne kwa siku nzima. Tena baadhi ya dawa za mafua zina parasetamoli ndani yake, kwa hiyo ukitoa zote mbili umeirudia bila kujua. Mtoto mwenye homa ni vizuri abaki nyumbani. Ikishindikana, tuambieni ukweli, hakuna atakayegombezwa.

Lakini dawa nyingi hazina haja ya kufika kwetu kabisa. Mseto wa malaria ni dozi 6 kwa siku tatu: ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, halafu asubuhi na jioni. Zinki ya kuharisha ni mara moja kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, basi mpeni jioni. Antibayotiki ikiandikwa mara tatu, muulize daktari palepale kama ipo ya mara mbili inayomfaa mtoto wako. Usijipunguzie mwenyewe.

Dozi ya kwanza kabisa ya dawa mpya itolewe nyumbani, mbele ya mzazi, maana mwili wa mtoto ukiikataa ni vizuri aonwe na anayemjua. Dawa iliyobaki ya mwaka jana, dawa ya kaka yake, na mizizi au majani ya kuchemsha hatutoi. Hatubishani na bibi wa mtu. Hatuna tu namna ya kuvipima. Aspirini pia hatumpi mtoto.

Kabati letu liko ukutani, ofisini, lina kufuli, mbali na jiko na jua la dirishani. Watu husema kwa baridi hii hakuna kinachoharibika, lakini amoksilini ya unga ikishachanganywa na maji inahesabiwa siku, nyingi 7 au 14, kadiri kibandiko kinavyosema. Tuandikie tarehe uliyoichanganya. Za friji zinakaa kwenye kopo lenye mfuniko, nyuzi 2 hadi 8, kamwe si kwenye friza. Mikoba ya walimu nayo inafungiwa, kwa sababu kidonge cha presha cha mtu mzima ni hatari kwa mtoto kuliko hiyo dawa ya kikohozi.

Kisichofungiwa ni dawa ya pumu ya kuvuta. Hiyo inakaa juu, mtoto asipofika, na kila mlezi anajua ilipo, kwa sababu mtoto akibanwa hatuwezi kuanza kutafuta ufunguo. Mwenye pumu, kifafa au dawa za kila siku za aina yoyote, njoo tuongee faragha. Jina la ugonjwa haliandikwi kwenye daftari la getini.

Ikitokea mtoto amekunywa dawa isiyo yake au amezidishiwa, hatumtapishi na hatumpi maziwa. Tunampeleka hospitali na chupa yenyewe mkononi, huku mwingine akimpigia mzazi. Ndiyo maana fomu ya kujiunga inaomba namba mbili za simu. Ukibadilisha laini, tuambie siku hiyohiyo.