Barua kwa rafiki: skrubu za kava la bodi ya umeme

Isevya, Tabora
Jumapili jioni

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Unyamwezini. Sisi hatujambo, na natumaini nawe pamoja na jamaa hapo Ujiji ni wazima. Barua yako imenifikia, na nimefurahi kusikia kwamba kazi ya nyumba ya wageni inakaribia kwisha. Hata hivyo, kuna jambo uliloligusia kwa juu juu tu, nalo limeninyima raha: kwamba skrubu za kava la bodi zilipotea, ukanunua zile nyeusi za kufungia dari la jipsamu, na unangoja mafundi rangi wamalize ndipo ufunge. Nakuomba usizitumie.

Skrubu ya jipsamu imetengenezwa ili itoboe. Ncha yake ni kali kama sindano kwa sababu hujichimbia njia yenyewe, ilhali ile iliyokuja na bodi ni butu na meno yake hufuata meno yaliyokwisha kuchongwa ndani ya tundu. Ncha butu ikikutana na waya, mara nyingi huusukuma kando. Ncha kali huuchoma, nawe uliye mbele ya kava huoni wala husikii kitu, hasa ukiwa umeshika drili, maana plastiki ya waya ni laini mno.

Siyasemi haya kwa kusimuliwa. Miaka michache iliyopita nilifunga umeme katika nyumba moja hapa Isevya, nikapima saketi zote kwa mega (kipimo cha kuonyesha kama plastiki ya nyaya inazuia umeme usivuje) ya volti 500, na kila moja ikasoma juu sana ya megaohimu 1 ambayo ndiyo kiwango cha chini. Lakini wakati napima, kava lilikuwa limeegemezwa ukutani. Nikalifunga baadaye kwa skrubu nilizookota mkobani, nikawasha, taa zikawaka, nikalipwa changu nikaondoka. Baada ya miezi kadhaa mwenye nyumba akaniita, akilalamika kwamba breka (swichi inayojikata yenyewe) ya soketi za jikoni inaanguka bila sababu. Nilihangaika na soketi zile siku mbili, nikabadilisha hata isiyokuwa na kosa (gharama nikaibeba mwenyewe, kwa aibu), mpaka nilipofungua kava na breka ikatulia. Waya wa kahawia uliopita nyuma ya tundu la kona ulikuwa na kidonda. Nadhani siku ya kwanza ncha haikuifikia shaba, bali iliacha utando mwembamba, nao ukamalizwa taratibu na joto na mtikisiko wa mlango wa bodi ukifunguliwa na kufungwa.

Hapo nilikuwa na bahati, kwa kuwa sanduku lilikuwa la bati na ethi yake, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, imeungwa sawasawa, hivyo umeme ukapata njia na breka ikaanguka. Kava la chuma lisilo na ethi lisingeangusha chochote. Lingekaa kimya likiwa na volti 230 hadi mtu aliguse. Kwa hiyo usitegemee bawaba kuufikishia mlango ethi, maana rangi huzuia umeme. Unga mlango na sanduku kwa kipande cha waya wa kijani na njano. Bodi ya plastiki nayo isikudanganye, kwani kichwa cha skrubu ni chuma na kinakaa nje, mahali pa kushikwa.

Kabla ya kufunga, zima meni swichi, lakini kumbuka kwamba nyaya nene zinazotoka kwenye mita ya Luku huendelea kuwa na umeme hadi kwenye meni swichi hiyo hiyo. Zilaze nyaya zote pembeni, mbali na matundu manne ya skrubu, wala usishindilie urefu uliozidi nyuma ya kava ukitumaini kwamba litaubana. Ukiona kava linarudi nyuma ukiliachia, ujue kuna waya unaolisukuma. Anza kila skrubu kwa vidole, kisha malizia kwa bisibisi ya mkono. Ikikaza katikati ya safari, itoe uangalie ndani. Kama meno ya tundu yameliwa, ni afadhali fundi chuma akuchongee upya kwa ukubwa unaofuata kuliko kulazimisha skrubu kali. Na ukikuta waya umechomwa, usiufunge utepe, ubadilishe.

Kisha pima tena kava likiwa limefungwa, jambo ambalo mimi sikulifanya. Meni swichi ikiwa imezimwa, chomoa vifaa vyote, washa breka zote, na uweke mega kwenye soketi, kati ya laivu (waya unaoleta umeme) na ethi, halafu nyutro (waya unaourudisha) na ethi. Ikiwa jengo lina fezi tatu, rudia kwa kila fezi. Ni kazi ya dakika chache.

Nimekufungia skrubu butu kumi na mbili za urefu wa aina mbili, na jirani yangu anayepanda treni ya Kigoma wiki hii atakuletea. Jaribu kwanza ile fupi. Ikiwa haifiki, jaribu ndefu; nayo isipofaa, pima kina cha tundu kwa kijiti cha kiberiti, ukikate usawa wa mdomo wa tundu, unitumie kijiti hicho ndani ya barua yako.

Ni mimi rafiki yako,
Fundi wa Isevya