Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina, na kumbukumbu za vikao katibu ameshawatumia. Naomba nafasi yangu niitumie kwa jambo lililotushughulisha mwaka mzima: kwa nini baadhi ya miradi yetu ya ajaili, yaani ya kuunda programu kidogo kidogo kwa mizunguko mifupi, inafika salama, na mingine, yenye wasanidi hodari vilevile, inakwama njiani.

Kamati ilipoanza kuzitembelea timu, nilidhani lawama zote zitawaangukia viongozi wasiounga mkono kazi. Nilikosea. Utafiti wa Chow na Cao wa mwaka 2008, uliochunguza miradi 109 katika nchi 25, ulikuta mambo matatu yenye uzito kuliko mengine: namna kazi inavyokabidhiwa kwa watumiaji, mbinu za uhandisi, na uwezo wa timu. Uungaji mkono wa viongozi haumo katika hayo matatu. Tuliyoyaona sisi hayako mbali na hayo.

Timu moja ilikuwa inajenga mfumo wa stoo. Kwa mizunguko minne ilionyesha chati na ripoti, mameneja wakapiga makofi. Mtunza stoo aliitwa mzunguko wa tano. Alisimama na skana mkono mmoja, boksi mkono wa pili, akatazama kioo, akauliza: "Sasa hiki kitufe nikibonyeze kwa mkono upi?" Chumba kizima kikanyamaza. Ukurasa wa kupokea mzigo ulisukwa upya, na huo ndio uliokuwa moyo wa mfumo wote. Ungetangulia kukabidhiwa, hata bila urembo wowote, swali lile lingeulizwa wiki ya pili.

La uhandisi linaniuma zaidi. Tumeshika kikao cha kusimama cha dakika 15 na ubao wa karatasi za rangi, tukaacha majaribio ya kiotomatiki na kuunganisha msimbo wa wasanidi wote kila siku. Matokeo yake kipengele kipya kinavunja cha zamani kimyakimya, hadi mzunguko mzima unaishia kwenye kurekebisha hitilafu. Wale wataalamu 17 wa programu waliokutana Snowbird, Utah, Marekani, Februari 2001 na kuandika Ilani ya Ajaili waliweka wazi kwamba kipimo kikuu cha maendeleo ni programu inayofanya kazi. Ubao uliojaa kadi za "imekamilika" haupimi hilo.

Kuhusu uwezo wa timu nitasema machache. Msanidi aliyegawanywa kwenye miradi mitatu hana hata mmoja anaoufahamu vizuri. Wasimamizi mliomo humu, nawasihi mliangalie.

Kamati inaleta pendekezo moja mbele ya mkutano mkuu: kila timu ya wanagenzi tunayoilea ikae siku nzima na mtumiaji, mahali anapofanyia kazi, kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa msimbo. Pendekezo litapigiwa kura baada ya taarifa ya fedha.