Mkate wa kumimina Jumamosi

Assalaam alaykum wapendwa,

Jumamosi tunapika mkate wa kumimina kwa makaa, kama ulivyopikwa na bibi zetu. Kila mmoja aje na unga wake umeshasagwa.

Ijumaa usiku roweka vikombe 2 vya mchele. Tafadhali usiwe wa pishori, haushikani vizuri. Asubuhi uchuje, usage na tui zito kikombe 1 na robo, hamira kijiko 1 cha chai na iliki. Tui liwe la vuguvugu tu. Likiwa moto hamira inakufa. Saga mpaka ukipapasa kwa vidole husikii chenga hata moja, maana chenga huzama chini na mkate unatoka na tabaka mbili. Uzito uwe wa uji mwepesi. Sukari robo tatu ya kikombe na ute wa yai 1 vitie ukishaumuka, ukoroge taratibu.

Usiuache ukapitiliza! Ukiona povu limeanza kushuka katikati, umeshachacha, na mkate utabonyea.

Sufuria ipate moto kwanza, mafuta kidogo, ndipo umimine. Ikiwa baridi mkate hugandia. Makaa ya chini yawe machache. Vitundu vikitokeza juu na pembeni pakikauka, funika na palia makaa mengi juu ya kifuniko. Hapo ndipo wengi hukosea, wanazidisha moto wa chini, kitako kinaungua na juu pabichi.

Makaa na vifuniko vya bati vipo. Anayekuja na nazi za kukuna, aje na mbuzi ya kukunia na kifumbu cha kuchujia tui.