Mdogo wangu, usiukimbie utalii

Mdogo wangu,

Hongera kwa kuingizwa kwenye hiyo kamati. Rasimu uliyonitumia, ya kujenga kituo cha teknolojia na ubunifu ili eneo lenu liache kutegemea watalii, nimeisoma yote, hadi michoro. Jengo la vioo linapendeza, sina ubishi. Ila nina la kusema, na nalisema hadharani kwa kuwa wenye rasimu kama yako ni wengi.

Kwamba eneo linaloishi kwa watalii peke yao linacheza pata potea, hapo tuko pamoja. Mwaka 2020 safari za watalii wa kimataifa zilishuka kwa zaidi ya asilimia 70 duniani, na wapo waliofunga biashara wasifungue tena. Nisipokubaliana nawe ni pale unapotaka utalii uwekwe kando ili ubunifu upate nafasi.

Tazama Sophia Antipolis, eneo la teknolojia kusini mwa Ufaransa. Ilipoanzishwa mwaka 1969 ilikuwa misitu na vichaka nyuma ya pwani ya Nice na Cannes, pwani iliyozoea kula kwa wageni. Mwanzilishi wake, Pierre Laffitte, alitaka watafiti, wahandisi na kampuni wakae jirani. Mwaka 1987 mashirika manne ya ndege ya Ulaya yakaunda Amadeus, mfumo wa kuuza nafasi za ndege na vyumba vya hoteli, na kituo chake kikubwa cha kutengeneza programu kikawekwa hapo hapo. Umeona? Kazi ya kompyuta ililetwa na msafiri yule yule.

Lakini mambo hayakuwa mteremko. Kwa miaka mingi walitegemea matawi ya kampuni za nje, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 makao makuu yalipobana matumizi, wao ndio walioumia. Waliosimama imara pale ni vyuo, taasisi kama ETSI inayoweka viwango vya mawasiliano ya simu, na wahandisi waliobaki wakaanzisha kampuni zao. Bajeti yako inamwaga fedha kwenye saruji. Ya kuwasomesha watu sikuiona.

Fanya hivi: kakae kutwa nzima mapokezi kwenye hoteli ndogo. Utamkuta mhudumu amefungua tovuti tatu za bukingi, pembeni ana daftari. Chumba kikiuzwa huku, anakimbilia kukifunga kule kwa mkono. Akichelewa, wageni wawili wanasimama na mabegi yao mbele ya ufunguo mmoja. Programu za kuondoa adha hiyo zipo. Muulize kwa nini hazitumii. Jibu lake lina thamani kuliko mshauri mliyemwajiri (samahani, lakini kurasa zake nyingi ni maneno matupu). Kisha uliza bili ya maji. Msimu ukishuka na vyumba viko vitupu, waombe wenye hoteli waruhusu wanafunzi wafunge humo vifaa walivyobuni vya kupimia maji na umeme, wavijaribu. Maabara hiyo mnayo tayari, na mteja wa kwanza yumo ndani.

Halafu kuna kodi za nyumba, ambazo rasimu haizigusi kabisa. Málaga, Hispania, ina eneo la teknolojia tangu 1992 na kampuni zimejaa, lakini mwaka 2024 maelfu waliandamana mitaani kwa sababu makazi hayashikiki. Huyo mhandisi kijana mnayemtaka abaki atapanga wapi, ikiwa kila chumba kinalipa zaidi kwa mgeni wa usiku mmoja?

Nitumie rasimu ya pili kabla hamjaipeleka kwa wakubwa.

Kaka yako